Mkasi Ulipita Pembeni

Tuanzie dakika ile ya video ambayo kila mtu anaisifia. Jicho la kulia la mtoto wa mbwa aitwaye Bobi limeshamalizika, tezi ya kope la tatu imerudi ndani, na daktari kijana amehamia upande wa pili wa meza kushughulikia la kushoto. Anapasua mkato wa kwanza chini ya tezi, anapasua wa pili juu yake, anaisukuma tezi kwenye mfuko uliofanywa na mikato hiyo, inamrudia. Anaisukuma tena, inamrudia tena. Anamtazama msaidizi aliyeshika sindano ya usingizi, anaitupia jicho saa ya ukutani, kisha ananyoosha mkono na kupewa mkasi uliopinda. Mkasi unaingia, tezi inatoka, inawekwa kwenye kisosi cha chuma. Video inaendelea sekunde chache ikituonyesha jicho safi lisilo na doa, na hapo ndipo makundi yetu ya WhatsApp yalipofurika makofi.

Yalikuwa makofi ya bure. Tezi ile haikupaswa kutoka kichwani mwa mtoto wa mbwa wa miezi minne, na aliyeitoa ndiye huyohuyo aliyekuwa ametuonyesha muda mfupi kabla kwamba kuirudisha anajua. Asiyejua mbinu ya mfuko namsamehe, maana hana anachokiacha. Lakini anayeijua, akaifanya kwa ustadi upande wa kulia, halafu akaitupa upande wa kushoto kwa kuwa tezi ilimfanyia ukaidi mara mbili, huyo ndiye ninayemwandikia leo. Jina lake silitaji, wala kliniki yake, ambayo iko hapahapa Kigali. Wenyewe wanajijua.

Jicho la kulia: mikato miwili sambamba, uzi wa 6-0 unaoyeyuka, fundo upande wa nje wa kope lisije likakwaruza konea, nafasi ndogo zimeachwa ncha zote mbili ili machozi yapate pa kutokea. Safi. Tuendelee.

Irudisheni video nyuma, mtazame kabla ya mkato wa kwanza wa jicho la kushoto, pale msaidizi anapolivuta kope la tatu kwa uzi. Ukingo wake haulali bapa. Unajikunja kwenda nje kama ukurasa wa daftari uliolowa mvua ukakauka. Chini kidogo ya ukingo, katikati, kuna mpindo mweupe unaong'aa kuliko nyama iliyouzunguka. Ile si tezi. Lile ni gegedu, mhimili wenye umbo la herufi T unaolisimamisha kope la tatu, na mguu wa hiyo T umepinda. Kwa mbwa wakubwa, kina Great Dane, Saint Bernard na ukoo mzima wa mastifu ambamo boerboel kama Bobi anaingia, gegedu kupinda si jambo geni, na mara nyingi huja pamoja na tezi kutoka. Ukiishindilia tezi mfukoni na gegedu bado limepinda, itakurudia kila mara, kwa sababu kinachoisukuma nje hujakigusa.

Kwa hiyo tezi ilikuwa inamwambia jambo, naye akaisikia kama kiburi. Dawa yake haina siri: unapasua utando upande wa ndani wa kope, unakitenga kipande cha gegedu kilichopinda, unakikata hicho peke yake, kisha unarudi kwenye mfuko wako na tezi inaingia bila ugomvi. Mkasi basi ulikuwa na kazi ya kufanya pale mezani. Ulipita pembeni kwa milimita chache.

Watetezi wake wana hoja mbili, na ya kwanza ni usingizi. Kliniki ile haina mashine ya gesi. Propofoli inaongezwa kidogokidogo kwa mkono, mwili mdogo unapoa, macho mawili yanachukua muda, na mtu yeyote mwenye akili timamu anataka amalize. Wasiwasi huo naukubali, hitimisho lake silikubali. Muda ukiisha, funga. Shona ile mikato miwili, iache tezi nje kama ilivyokuja, mpe mtoto meloksikam na matone ya jicho, mwamshe, mwambie mwenye mbwa arudi baada ya wiki tatu. Tezi itakayokaa nje wiki tatu zaidi itavimba na kuwasha, na jicho litaendelea kuchukiza kulitazama. Ila itakuwepo. Iliyoko kwenye kisosi hakuna mtu atakayeirudisha. Kusimamisha upasuaji katikati ni uamuzi wa kitabibu kama uamuzi mwingine wowote. Shida yake ni kwamba kwenye video haupendezi.

Na hata kama hakutaka kufunga, njia nyingine ilikuwepo. Mfuko ukikataa, tezi hufungwa kwa uzi kwenye ganda la mfupa, kwenye ukingo wa chini wa tundu la jicho. Ni kazi ngumu zaidi, inataka sindano iliyopinda na mkono usiotetemeka, na kope la tatu baadaye hupungukiwa kidogo na mwendo wake wa kufagia jicho. Lakini machozi yanabaki.

Hoja ya pili ni ile inayonikera tangu zamani: kwamba ipo tezi nyingine juu ya jicho na itafidia. Ni kweli ipo, na ni kubwa. Ni kweli pia kuna mbwa waliokatwa wakiwa wadogo wakazeeka na macho yao mabichi. Lakini tezi ya kope la tatu ndiyo inayotoa kati ya theluthi moja na nusu ya maji ya machozi ya mbwa. Anayeitoa anauweka mzigo wote juu ya tezi moja kwa maisha yote ya mnyama, na tezi hiyo moja nayo huchoka kwa uzee, na pengine kinga ya mwili wenyewe huigeukia na kuishambulia, jambo ambalo kwa mbwa ndicho chanzo kikuu cha jicho kukauka. Rhea Morgan na wenzake walichapisha mwaka 1993 uchunguzi wa visa 89 vya mbwa waliotibiwa kati ya 1980 na 1990. Karibu nusu ya macho yaliyokatwa tezi yaliishia kukauka. Yaliyorudishiwa tezi yalikauka machache. Hayo yamekuwa wazi tangu kabla daktari wetu huyu hajazaliwa, na bado kuna watu wanaongea habari ya kufidia kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi.

Ndiyo maana nawapenda wakongwe, na sioni aibu kusema hivyo. Renee Kaswan, akiwa Chuo Kikuu cha Georgia kule Marekani miaka ya themanini, ndiye aliyegundua kwamba siklosporini ikiwekwa jichoni humrudishia mbwa machozi. Kazi yake ndiyo iliyozaa Restasis, dawa iliyoidhinishwa huko Marekani kwa macho ya binadamu mwaka 2002. Na mama huyohuyo, mwaka 1985, pamoja na Charles Martin, alichapisha njia ya kuirudisha tezi na kuifunga isitoke tena. Tafakarini hapo. Mtu aliyekuwa na dawa ya jicho kavu mkononi mwake bado aliona heri mbwa asiihitaji. Sisi ambao siklosporini hatuikuti kwenye duka la dawa za mifugo kila tunapoitaka, ndio tunaokata.

Mzee mmoja aliyetufundisha upasuaji wa wanyama wadogo kule Kabete, Kenya, hakuwahi kulishika kope la tatu kwa koleo lenye meno. Alipitisha nyuzi mbili kwenye ukingo, akazivuta, akakaa kimya analiangalia kwa muda uliotufanya tuanze kubadilisha miguu. Alikuwa anatafuta gegedu. Taa yake ilikuwa taa ya mezani, kioo chake cha kukuza kilikuwa miwani yake mwenyewe. Leo tuna lupu za kuvaa kichwani na taa zisizotoa hata kivuli, na gegedu lililopinda linatupita mbele ya macho, tena mbele ya kamera.

Tuje kwenye uponaji, maana huko ndiko kosa lilikovishwa nguo za sikukuu.

Siku ya tano jicho la kushoto la Bobi lilikuwa limefunguka lote, jeupe, limetulia, halina uzi wala uvimbe. La kulia lilikuwa kinyume chake: kope la tatu limevimba na kuiva wekundu, limepanda hadi kufunika kona ya jicho, maji yanachuruzika na kuacha mfereji wa manyoya yaliyolowa hadi kwenye pua, na mtoto analifumba nusu. Mwenye mbwa, dada mmoja wa Kibagabaga aliyemnunua Bobi alinde geti naye akageuka mtoto wa ndani, alishtuka. Aliuliza kama jicho la kulia linaweza kurekebishwa liwe kama la kushoto. Simlaumu hata kidogo; mwenye macho haambiwi tazama, naye alitazama akaona kilichoonekana. Ninaowalaumu ni waliomjibu kwamba la kulia “limechelewa kidogo” na wakaishia hapo. Halikuchelewa. Lilikuwa hasa mahali ambapo jicho lililoshonwa mfuko hukaa siku ya tano. Na mliozipitia picha zilizosambazwa mtakuwa mmegundua jambo: Bobi anapigwa picha ubavu wa kushoto tu.

Jicho lililorudishiwa tezi huwa baya kwanza. Wiki ya kwanza linavimba kuliko lilivyokuwa kabla ya upasuaji, kwa sababu utando umepasuliwa na kushonwa na tezi yenyewe imebanwa mahali finyu. Wiki ya pili uvimbe unashuka, maji yanapungua, mbwa anaacha kulifumba nusu. Uzi hupoteza nguvu baada ya wiki tatu hivi, na kufikia hapo kovu limeshashika kazi. Mwezi ukitimia, mtu akikuletea mbwa bila kukuambia lolote, hutajua jicho lilishonwa. Kinachotakiwa kukushtua ni kitu kingine: mbwa aliyekuwa amefungua jicho akilifumba ghafla, konea kuingia ukungu wa bluu, usaha mzito wa kijani, au kivimbe cha mviringo chini ya kope, ambacho maana yake ni kwamba mshonaji aliziba ncha zote mbili na machozi yamejaa humo ndani hayana mlango. Wekundu peke yake siku ya tano si habari.

Jicho lililokatwa, lenyewe, huwa zuri mara moja. Hakuna mfuko, hakuna uzi, hakuna kilichobanwa. Kidonda kidogo kinajifunga na uso unarudi kuwa uso. Ndiyo sababu naliogopa jicho zuri siku ya tano. Ubaya wake unakuja polepole, pengine baada ya miaka, kwa matongo ya asubuhi yanayovutika kama gundi, kisha konea isiyong'aa, kisha vishipa vyekundu vinavyoitambalia, kisha weusi. Wakati huo picha za “kabla na baada” zimeshasahaulika, na mwenye mbwa anaambiwa ni vumbi.

Koni ya shingoni, ile ya kumzuia mbwa asijikune, ilivuliwa kwa ajili ya hizo picha. Juu ya koni nimeshaandika hadi kuchosha watu, nairuka.

Kisicho cha kuruka ni karatasi. Otto Schirmer, daktari wa macho wa Kijerumani, alieleza kipimo chake mwaka 1903: kipande cha karatasi kinaning'inizwa kwenye kope la chini, kinaachwa kinyonye, kinasomwa kwa milimita. Kwa mbwa ni dakika moja tu. Kuanzia milimita 15 kwenda juu uko salama, chini ya 10 una mgonjwa, katikati yake unakaa macho. Bobi hakupimwa kabla ya upasuaji, jicho lolote. Hakupimwa wakati wa kutoa koni. Alipimwa wiki ya sita, na daktari mwingine, baada ya dada yule kushauriwa na jirani: kulia milimita 20, kushoto 11.

Kumi na moja si ugonjwa, na nitakuwa mwongo nikisema Bobi ana jicho kavu. Lakini hiyo kumi na moja inatoka wapi? Kama jicho la kushoto lilikuwa 20 kama mwenzake, basi mkasi umekula karibu nusu. Kama lilikuwa 13 tangu awali, basi lilikuwa jicho ambalo halikuwa na tone la kupoteza, na kukata kulikuwa hatari maradufu. Hatutajua kamwe, kwa kuwa hakuna aliyeweka karatasi kabla ya kisu. Wanaosema karatasi hazipatikani wanajua kwamba tube za tetrasaiklini zinapatikana kila kona, na tumezigeuza jibu la kila jicho jekundu kutoka Nyabugogo hadi Kanombe. Jicho kavu linalopakwa tetrasaiklini hutulia siku mbili tatu, kwa sababu mafuta yanalilainisha, kisha linarudi kulekule. Mwenye mbwa ananunua tube nyingine.

Kuna watakaosema nawaonea vijana. Labda. Najua wametoka wapi. Nchi iliyoanzisha mpango wa ng'ombe wa Girinka mwaka 2006 inawataka madaktari wa ng'ombe kwanza, na anayehitimu Nyagatare anaweza kumzalisha ng'ombe kwa upasuaji kwenye uwanja wa nyumba ya mtu bila kutoa jasho. Sina ugomvi na ng'ombe. Mbwa wa nyumbani, anayeitwa jina na kulala ndani, ni jambo lililorejea taratibu hapa Kigali. Kwa miaka mingi baada ya 1994 mji huu ulikaa karibu bila mbwa, kwa sababu ambazo mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo fani yenyewe bado changa, na vitendea kazi ni vichache. Lakini hayo yote yanamtetea asiyejua. Huyu wetu anajua. Ushahidi uko upande wa kulia wa uso wa Bobi.

Wafugaji nao wasidhani nimewasahau. Tezi hutoka kwa sababu nyuzi zinazoishikilia chini ni dhaifu, na udhaifu huo unafuata ukoo: buldogi, coka, beagle, shih tzu, na hawa mastifu wetu. Anayemzalisha jike ambaye mwenyewe alishonwa macho yote mawili, kisha akawauza watoto kwa bei ya kumshangaza mtu, ana sehemu yake kwenye kile kisosi.

Kama mnataka mfano wa jirani wa mkono unaojizuia, tazameni kaskazini. Huduma ya madaktari wa sokwe wa milimani ilianza mwaka 1986, pale James Foster alipofika kufuatia ombi la Dian Fossey, ambaye tayari alikuwa ameuawa Desemba ya mwaka uliotangulia. Hadi leo kanuni yao ni kuingilia kati pale tu ugonjwa unapotishia uhai au unapokuwa umesababishwa na binadamu. Wanaweza kupanda mlima, wakamkuta mnyama ana jeraha linalotisha, wakalitazama, wakaandika, wakashuka bila kufyatua sindano, kisha wakapanda tena kuangalia linaendaje. Hao wana mgonjwa mwenye kilo mia na zaidi anayeweza kuwakimbiza. Sisi tuna mtoto wa mbwa aliyelala mezani, na wiki tatu tulizokuwa nazo mkononi tukazikataa.

Bobi sasa anakula, anabweka, anaogopesha wapita njia. Kope la kulia limelala mahali pake na huwezi kulitofautisha na la mbwa ambaye hakuwahi kuugua. La kushoto bado linapendeza. Linatakiwa lipimwe kila baada ya miezi mitatu mwaka huu wa kwanza, na kipimo kingine kiwe katikati ya kiangazi, kati ya Juni na Septemba, vumbi la barabara zisizo na lami linapokuwa limetanda, maana jicho lenye 11 wakati wa mvua linaweza kuwa na hesabu nyingine Agosti. Likishuka chini ya 10, siklosporini mara mbili kwa siku, na hiyo haina siku ya kumaliza dozi.

Dada yake Bobi, wa uzao huohuo, tezi imemtoka jicho moja na amepangiwa kliniki ileile, daktari yuleyule. Nami nasema afadhali iwe hivyo, kwa sababu mikono anayo. Apime machozi kwanza, macho yote mawili, aandike. Alivute kope kwa uzi, akae kimya, atafute mpindo. Kama gegedu limepinda, likatwe gegedu. Na kama saa ikimkimbia, amshone, amwamshe, arudi nyumbani na tezi yake nje.